Matanga ya Wasio na Jina

Kwa mara ya tatu Mizani ilitamka kwamba ugonjwa wa Dkt. Sekela Ngwembe haupo, na kwa mara ya tatu sisi watu kumi na mmoja tuliokalia viti vya ngozi tuliinamisha vichwa na kuandika kwamba haupo. Mimi nilikuwa wa nne kutoka mlangoni. Niliandika upesi kuliko wenzangu wote, kwa sababu kuandika "haupo" nilikuwa nimeshakuzoea kama kupiga mswaki.

Mizani ni mashine, lakini haikuwa na sauti ya kutisha. Tulikuwa tumeipa sauti ya mama wa makamo, zile sauti zinazokuuliza kama umeshakula. Ilisema, "Andiko namba mia moja na saba. Homa ya siku ya sita kwa vichanga. Matanga yaliyosikika kwa miaka mitano, sifuri. Uzito, sifuri. Andiko linalofuata."

Andiko lililofuata lilihusu wazee wanaokoroma hadi pumzi zikakatika usingizini. Likapata ruzuku bila ubishi. Mzee wa Nyanda akifa huja watu mia nne, wengine kutoka mikoa mitatu, na Mizani huwasikia wote.

Waombaji hawaruhusiwi kusema kitu katika Kikao cha Mgawo. Hukaa kwenye benchi la nyuma, husikia uzito wao, huondoka. Sekela alisimama. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye koti la maabara lililopauka mikono, na hakupaza sauti hata kidogo. Alituambia kwamba mwezi uliopita ameshika mikononi vichanga tisa vilivyokufa siku ya sita, na kwamba kama haupo basi tumwambie alichokuwa ameshika ni nini. Walinzi wakamsogelea. Profesa Leodgard Mgimba, Mkurugenzi wetu, akamwambia kwa upole kwamba asiyekuwepo na lake halipo, na akaomba andiko namba mia moja na tisa.

Watu walicheka kidogo. Na mimi nilicheka, nisijitenge.

*

Nijitambulishe, maana hasira bila jina ni kelele tu. Naitwa Tusekile Mwakalobo, Mkaguzi Mkuu wa Takwimu wa Wakala wa Utafiti wa Afya wa Nyanda. Mizani ilijengwa na watu wengi, lakini sikio lake nililitengeneza mimi.

Kabla ya Mizani ruzuku zilikuwa zikigawanywa na kamati ya maprofesa. Mwaka ule kipindupindu kilipoua watu kando ya mto, kamati ilimpa mkwe wa mwenyekiti fedha za kuchunguza upara. Upara! Wananchi wakaja na majembe, kamati ikavunjwa, na Baraza likaagiza chombo kisicho na mkwe. Chombo hicho kipime jambo moja tu, kwamba ni ugonjwa gani unaotuua zaidi, na ni andiko lipi lenye nafasi kubwa zaidi ya kuuzuia.

Shida ilikuwa kuvijua vifo. Watu wetu hawaendi kuandikisha kifo ofisini, nani ana nauli ya kumfuata marehemu hadi kwa karani. Lakini hakuna mtu anayekufa Nyanda bila matanga. Nikiwa kijana wa miaka ishirini na sita, mwenye akili na majivuno, niliwaambia wakubwa kwamba tusihesabu maiti, tuhesabu waombolezaji. Kila mtu tayari alikuwa amevaa bangili ya kliniki inayopima mapigo na kusikia sauti. Bangili zikikusanyika kumi au zaidi kwenye boma moja, zikakaa siku mbili, mapigo yakashuka kwa namna ile ya watu wanaolia na kunyamaza na kulia tena, hapo pana msiba. Mizani husikiliza jina la marehemu likitajwa na watu watatu, husikiliza aliumwa nini, huandika. Chini ya watu kumi tuliita kelele, na kelele zilifutwa.

Nilipewa nishani. Ipo kabatini, imeshika kutu.

Kesho yake asubuhi Sekela alikuja ofisini kwangu bila miadi. Hakuketi. Aliniuliza mara ya mwisho nilikwenda kijijini lini, nikamjibu kwamba hilo halimhusu. Akasema Lwangamo ni saa mbili kwa gari, na kwamba kama mimi ni mkaguzi kweli basi nikakague, kuliko kukaa hapa nikikagua kivuli changu. Nilikwenda kwa sababu alinitukana. Ningependa kusema nilikwenda kwa huruma, lakini nimeahidi kusema kweli.

*

Lwangamo ni kijiji cha viazi na pareto, baridi yake huingia hadi kwenye meno. Kwenye zahanati alitupokea muuguzi aliyeitwa Mama Fyula, mwanamke mrefu mwenye miaka thelathini na moja kazini na goti moja bovu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanitazama bangili na kuniuliza kama ndimi niliyeleta fomu za kuandikisha watoto kuanzia siku ya arobaini.

Nilimwambia ndiyo. Mtoto wa Nyanda hapewi jina wala bangili mpaka siku ya arobaini, mama anapotolewa nje. Fomu ingemwandika nani kabla ya hapo?

Mama Fyula alichukua fimbo yake akatupeleka nyuma ya nyumba ya kwanza, upande wa jikoni, pale maji ya mvua yanapodondoka kutoka kwenye bati na kuchimba mfereji mdogo. Kandokando ya mfereji palikuwa na mawe bapa matatu yamelazwa sawasawa. Nyumba ya pili, mawe mawili. Nyumba ya tatu, matano. Nyumba ya nne mwenye nyumba alikuwa akimenya viazi karibu nayo, akatuona tunapoyatazama, akageuza uso kama mtu aliyefumaniwa.

Nikasimama. Miguu yangu ilijua kabla yangu.

Kichanga kikifa kabla ya arobaini huzikwa na wanawake watatu, mchana, chini ya mchirizi wa paa, ili maji ya nyumba yake yamfikie. Hakuna turubai. Hakuna sufuria. Wanaume hawaambiwi, au huambiwa kwamba "mgeni amerudi." Mama hasemi wala halii, kwa sababu anayemlilia asiye na jina hufunga tumbo lake, hazai tena. Hayo yote nilikuwa nayajua. Niliyajua tangu nikiwa msichana, kama ninavyojua njia ya kwenda kisimani. Na bado niliketi ofisini nikaandika kwa mkono wangu kwamba pasipo na watu kumi hapana kifo.

Sekela alidhani sijaelewa, akaanza kunieleza. Alisema amehesabu mawe ya vijiji sita, ya miaka mitano tu, mia mbili na kumi na matatu. Nikamwambia anyamaze.

"Liko na langu," nikasema. "Kwa mama yangu, Itamba. Upande wa jikoni."

Niliwaambia yaliyobaki nikiwa nimesimama palepale, kwa hasira, kana kwamba wao ndio walionikosea. Mwanangu wa kiume aliishi siku tano na nusu. Mama yangu na shangazi wawili walimzika. Mama aliniambia nisilie, nitafunga tumbo, na mimi sikulia. Nilirudi kazini baada ya wiki tatu, na wiki ya nne niliandika kanuni ya watu kumi. Niliutii mwiko vizuri mno, nikautia ndani ya mashine ili nchi nzima iutii.

Sikulia. Tumbo likafunga hivyohivyo.

*

Tuliketi zahanati, Mama Fyula akatupa chai ya maziwa. Ndani ya chumba cha pili alikuwa amelala mwanamke mmoja aitwaye Atuganile, mimba ya miezi minane, miguu imevimba. Alikuwa na mawe mawili nyumbani kwake. Mlango ulikuwa wazi, alisikia kila kitu, na hakuna aliyejali kuufunga.

Sekela alinieleza alichokipata. Ni kijidudu kinachoishi kwenye udongo wa mabonde yetu, hakimdhuru mtu mzima. Humwingia mtoto kwenye kitovu, hukaa kimya siku tano, siku ya sita humwaga sumu. Dawa za kawaida hazikishiki. Lakini amepata kirusi kinachokula kijidudu hicho peke yake, kama mchwa anavyokula mti mmoja na kuuacha mwingine. Kirusi hicho kinaweza kukuzwa kwenye pipa la kiwanda kwa siku saba, mtoto akadondoshewa matone mawili kitovuni siku anayozaliwa. Kiwanda kipo. Pipa lipo. Ila kiwanda ni cha Wakala, na hakikuzi hata tone pasipo ruzuku iliyothibitishwa, kwa sababu hapo zamani maprofesa walikuwa wakikuza humo dawa za nguvu za kiume.

Mzunguko wa mwaka ulikuwa unafungwa Jumanne ijayo, saa kumi jioni, na mpaka hapo uzito wa andiko ungeweza kubadilika. Baada ya hapo ni miezi kumi na miwili. Kubadilisha kanuni ya watu kumi kungehitaji Baraza, na Baraza hukaa mara moja kwa mwaka.

"Wewe una ufunguo," Sekela aliniambia. "Ingiza matanga mia mbili ukiwa umekaa mezani kwako. Nani atajua?"

Nilimwambia nitajua mimi. Nikamwambia kwamba siku mkaguzi atakapoandika msiba ambao haukukaliwa, hata kwa jambo jema, mkaguzi wa pili ataandika wa shemeji yake, na tutarudi kwenye upara. Sekela akanitazama kwa chuki safi. Akasema usafi wangu umeshaua watu mia mbili na kumi na watatu, na kwamba yeye angependa kuona uchafu wangu unaua wangapi. Hata hivyo sikutaka kuandika uongo. Nilimchukia kwa kuwa alikuwa sahihi nusu, na nilijichukia kwa nusu ile ile.

Mama Fyula alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha yeyuka zamani.

"Hiyo mashine inasikia matanga?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi tukae matanga."

Nikampinga mara moja. Nikasema hatuwezi kuwataka wanawake wavunje mwiko wa bibi zao, wawalilie hadharani watoto waliofundishwa kuwanyamazia, waogope kufunga matumbo, eti kwa sababu mimi niliandika kanuni mbovu. Waliokosewa ndio walipe tena? Nilisema maneno mengi mazuri. Nilikuwa bado nayasema wakati Atuganile alipotokea mlangoni, amejishika kiuno, kanga imefungwa juu ya tumbo.

"Kama tumbo litafungwa, lifungwe," akasema. "Huyu yumo tayari."

*

Walifika Jumatatu saa mbili asubuhi, kwa malori matatu ya viazi. Wakakaa kwenye nyasi za mbele ya makao makuu ya Wakala, zile nyasi zenye kibao cha kukataza kukanyaga. Walikuja na kila kitu cha msiba, turubai la bluu, masufuria, kuni, mikeka, mabenchi ya kanisa. Hawakubeba bango hata moja. Wangekuja na mabango walinzi wangejua la kufanya.

Mlinzi wa getini aliwaendea na kirungu, akauliza nani aliyefiwa. Mama Fyula akamwambia wote. Mlinzi akavua kofia akaiweka kwapani, akasema poleni. Ndivyo ilivyoanza. Kwetu huwezi kuupita msiba. Unaweza kuwa na haraka, unaweza kuwa na deni au kesi, lakini ukiona turubai na wanawake wamenyoosha miguu mkekani, utasimama, utasema pole, utakaa hata dakika kumi. Wauza mahindi wakaja. Wanafunzi wa uuguzi wakaja. Adhuhuri wapishi wa kantini yetu walitoka na maharage ya wafanyakazi wote, wakayamimina kwenye masufuria ya msiba, na hakuna mfanyakazi aliyelalamika kwa kuwa nao walikuwa nje.

Mizani ikaanza kuita. Nilikuwa ghorofani, mbele ya ubao wake. Sauti ile ya mama wa makamo ilisema, "Matanga yamesikika. Mahali, makao makuu ya Wakala. Waombolezaji, mia tisa na wanaongezeka. Jina la marehemu?"

Chini kwenye nyasi Mama Fyula alifungua daftari la shule. Aliita nyumba kwa nyumba. Mama anasimama, na wanawake wawili kati ya waliomzika mwanawe wanasimama naye, hao ndio watatu. Anataja jina. Hakuna mtoto kati ya hao aliyewahi kuwa na jina, kwa hiyo kila mama alikuwa analitaja kwa mara ya kwanza mbele za watu. Nilidhani watasitasita. Wachache sana walisita. Majina waliyokuwa nayo, walikuwa wameyaficha miaka yote hiyo.

"Lutengano. Siku sita."

"Bahati. Siku sita, asubuhi."

"Nitike. Siku sita."

Atuganile alisimama mara mbili. Mara ya pili alishikwa mikono.

Kila jina lilipotajwa watatu waliitikia, kisha umati ukaitikia, na Mizani ikaandika. Wanaume waliokuwa wameambiwa kwamba mgeni amerudi walikuwa wamesimama nyuma ya turubai, na nilimwona mmoja, mtu mzima mwenye ndevu, akimuuliza mkewe kitu, kisha akaketi chini kwenye udongo akiwa amevaa suruali yake nzuri.

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulikuwa tumekwenda mbali zaidi, tulificha na kifo chenyewe, tukakipangia kanuni.

*

Jumanne saa nane mchana Profesa Mgimba alinifuata ghorofani. Alikuwa amevaa tai nyeusi, ametoka kuwapa pole, hata yeye hakuweza kuupita. Aliketi karibu yangu akafuta miwani. Sitaki mumfanye shetani. Huyu ndiye aliyesimama mbele ya majembe siku kamati ilipovunjwa, ndiye aliyekataa ruzuku ya mtoto wake mwenyewe.

Alisema ameguswa. Alisema pia kwamba huu si msiba, ni shinikizo lililovaa msiba. Maiti hazipo. Wamekuja kwa malori, wamechagua mahali na siku. Leo ni akina mama wenye haki yao, mwakani itakuwa kampuni ya dawa inakodi waliaji elfu mbili. Alitaka nitie alama ya kelele. Mwakani angelipeleka suala la siku ya arobaini kwenye Baraza yeye mwenyewe, kwa mkono wake.

"Mwakani," nikasema.

"Mwakani, Dada Tusekile. Utaratibu ndio uliotuokoa."

"Ulituokoa sisi, Profesa. Wale hawakuwemo."

Nilimwambia kwamba nimesoma mapigo ya bangili zote za pale nje, hakuna waliaji wa kukodiwa hata mmoja, hakuna moyo uliodanganya. Kanuni niliandika mimi. Watu kumi, siku mbili, jina, watu watatu. Kanuni haisemi lazima marehemu awe amezikwa wiki hii. Kama ni kweli kwa mzee anayekoroma ni kweli kwa Lutengano. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, kwa upole uleule, kwamba uamuzi ni wa Mkaguzi kisheria, na kwamba kama Mkaguzi ana sababu ya kujitoa, saini ni ya Mkurugenzi. Akaiweka fomu ya uthibitisho mezani na kutoka.

Swali la saba la fomu hiyo husema, *Je, unaye ndugu wa damu miongoni mwa marehemu wanaothibitishwa?* Ukijibu ndiyo, kalamu unaiweka chini. Ukijibu hapana kisha ikathibitika vinginevyo ndani ya miezi kumi na miwili, saini yako inabatilika, na ruzuku zote ulizozithibitisha zinarudi. Lilitungwa kwa ajili ya akina mkwe. Nalo nililitunga mimi.

Mle ndani ya daftari la Mama Fyula, ukurasa wa mwisho, nilijua pana mstari mmoja ambao haujajazwa. *Itamba. Wa Tusekile.* Tuliandika pamoja siku ile ya chai. Nilikuwa nimeshawaita shangazi zangu wawili, wamekuja, wamekaa mkeka wa mbele, mmoja haoni tena. Kwa wiki nzima nilikuwa nimejiandaa kushuka ngazi, kusimama katikati yao na kulitaja. Niseme ukweli, nililitaka jambo hilo kuliko nilivyoitaka ruzuku. Miaka kumi na tisa nimelibeba jina hilo bila kulitaja, si kwa mama yangu, si kwa aliyekuwa mume wangu, si kwa mto wa kulalia.

Sasa nikaelewa jinsi fomu ilivyonikaba. Maadamu sijamtaja, mwanangu si miongoni mwa marehemu, na jibu la hapana ni kweli tupu, halina uongo wowote. Nikimtaja, saini inahamia kwa mtu wa mwakani. Ili fomu iwe safi ilibidi mwanangu asiwepo. Na wa kuhakikisha kwamba hayupo, kwa mara ya pili, alikuwa ni mimi.

Niliipiga meza ngumi hadi kikombe kikaanguka. Nikamtukana Profesa, nikamtukana mama yangu marehemu, nikaitukana Mizani kwa matusi ambayo yeye, mama wa makamo, aliyasikiliza kwa utulivu na kuniuliza kama nipo tayari kuendelea.

Swali la saba. *Hapana.*

Nikatia saini saa tisa na nusu.

*

Niwahi kuwaambia, ili msikae na wasiwasi, kwamba mtoto wa Atuganile aliiona siku ya saba. Alizaliwa siku kumi na mbili baadaye, msichana, matone mawili kitovuni, na mama yake alimpa jina kabla hata hajakatwa kitovu, akilipaza kwa sauti ili jirani asikie. Hilo ndilo tulilolitaka na tulilipata. Sekela aliniletea picha. Hatukukumbatiana, hatuko hivyo, lakini aliketi.

Jumanne ile, baada ya saini, nilishuka ngazi. Robo saa ilikuwa imebaki. Nilivua viatu, nikapita kati ya watu, nikaketi kwenye mkeka wa mbele nikanyoosha miguu kama wenzangu. Shangazi yangu asiyeona aliupapasa mkono wangu, akaitambua pete, akaushika. Mwingine alishaanza kujiinua polepole, akijikaza magoti, tayari kusimama kuwa shahidi.

Mama Fyula aliita nyumba ya mwisho ya Lwangamo. Kisha akafungua ukurasa wa mwisho. Akanitazama juu ya miwani yake. Watu zaidi ya elfu walikuwa wamenyamaza, na kila mkono pale ulikuwa na bangili inayosikiliza.

"Tusekile, mwanangu," akasema. "Wako anaitwa nani?"

Jina lilikuwa limeshapanda. Nililisikia linavyogusa meno.

Niliushika mkono wa shangazi aliyesimama, nikamvuta taratibu akaketi.

"Mimi sina, mama," nikasema. "Nimekuja kusindikiza tu."